Kila Mtu na Bati Lake: Ukumbi Wetu wa Kambi Muru

Watu wakiniuliza ukumbi wetu wa Kambi Muru ulipotelea wapi, huwa wanategemea nitasema ulichomwa. Ilikuwa Kibera, ilikuwa Januari ya elfu mbili na nane, na vitu vilikuwa vinachomwa, kwa hiyo wananiandalia uso wa huzuni kabla hata sijafungua mdomo. Nikiwaambia hakuna aliyeuchoma, wanaonekana kama watu walionyimwa kitu. Ukumbi wetu uling'olewa bati kwa bati, mchana kweupe, na watu waliosema tafadhali na asante. Baba yangu ndiye aliyewapandia ngazi. Na sheria iliyowaruhusu kuung'oa ilikuwa yake. Aliitunga mwenyewe, akaipenda kama mtoto wake wa kwanza, na mtoto wake wa kwanza ni mimi, kwa hiyo najua ninachosema.

Baba alikuwa seremala. Alitoka Machakos akiwa kijana, akafika Kambi Muru wakati bado mtu angeweza kuanika nguo bila kumwomba jirani asogeze ukuta. Mimi aliniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, na jambo hilo lilimfanya aniheshimu na kunituma kwa wakati mmoja. "Mama, niletee msumeno." "Mama, kimbia uone kama wale wamelipia kitanda." Heshima ya namna hiyo inachosha miguu.

Kabla ya ukumbi, mikutano ilifanyiwa nje. Watu walikusanyika kupanga harusi, au kupanga namna ya kusafirisha maiti hadi nyumbani, mvua inaanza, kila mtu anakimbia kwake, na kikao kinachofuata kinaanza tena tangu maombi ya kufungua. Mama anasema kuna marehemu mmoja aliyepangiwa safari mara nne. Ndipo watu waliposema imetosha, tujenge.

Kiwanja kilitolewa na landlodi wetu. Alikuwa Mkikuyu wa Kawangware, wa zile familia zenye shamba lao huko tangu babu, shamba ambalo sasa limegeuka vyumba vya kupangisha. Alikuwa na ploti yake Kambi Muru pia, na hapo ndipo alipoishi na mkewe, kwa sababu, alisema, Kawangware ina ndugu zake wengi mno. Kipande alichotoa kilikuwa mteremko uliopitisha maji, hata mbuzi wake walikuwa wamekikataa. Lakini alikitoa kwa hotuba, ukadhani anatoa figo.

Shida ikawa mabati. Kila mtu alitaka ukumbi na hakuna aliyetaka kutoa bati. Waliogopa kwamba likishapigiliwa misumari kwenye ploti ya mtu, mwezi unaofuata watakuta mpangaji ndani na pazia mlangoni. Hapo ndipo baba aliposimama akatoa ile sheria. Kila nyumba ilete bati moja. Kila mwenye bati achore alama yake kwa rangi, upande wa ndani, pale ambapo kila anayeketi chini ataiona. Na bati libaki mali ya aliyelitoa. Siku akihama, aje alichukue. Landlodi aliunga mkono palepale. Katika Jumamosi mbili mabati yalikuwa yamejaa kiwanjani, na mengine yalikuwa mapya kabisa, bado yanang'aa.

Sasa, shida ya wazo zuri ni kwamba linapata baba wengi. Haikupita mwaka landlodi akaanza kusema sheria ilikuwa yake. Sidhani alikuwa anadanganya. Alikuwa ameisifu mara nyingi sana hadi ikahamia kwake. Kila kulipokuwa na shughuli ukumbini, iwe ni kamati ya harusi au ibada au kina mama wa chama, mmoja wao alisimama kukaribisha wageni na kuwapa historia ya jengo. Kisha yule mwingine alisimama kurekebisha. Bibi harusi mmoja aliwahi kusimama na shela kichwani hadi visigino vikamvimba, wazee wawili wanagombania nani alisema nini mwaka gani. Daftari la kamati lingemaliza ubishi, lakini panya walianza na ukurasa wa kwanza. Mimi ninajua sheria ilikuwa ya baba kwa sababu mama aliniambia. Alisema baba aliifanyia mazoezi mbele yake wiki nzima, amesimama kati ya kitanda na jiko, akimwita yeye "ndugu wananchi."

Baada ya kubishana walicheza drafti. Ubao ulikuwa wa baba, vifuniko vya soda vilikuwa vya landlodi, na kila mmoja alisema bila yeye hakuna mchezo.

Nami nilikua chini ya alama zile. Wakati wa mahubiri marefu, na mahubiri mafupi sikuwahi kuyasikia, tulikuwa tunainua macho na kusoma paa. Baba alichora msumeno. Mama mmoja muuza omena wa Kisumu Ndogo, kijiji jirani humohumo Kibera, alichora samaki mwenye tabasamu. Bawabu mmoja kutoka Butere alichora tochi. Landlodi alitoa mabati sita, kuwazidi wote, akayaweka juu ya jukwaa, na kwa kila moja akachora mbuzi. Alisema ni mbuzi. Sisi watoto tuliona birika la chai, mdomo wake na mkono wake, na hakuna mtu mzima aliyeweza kutuonyesha miguu ya mbuzi iko wapi.

Mvua ikinyesha ukumbi ulivuja, kama vyote. Lakini pale tone likianguka, watu wote waliinua vichwa kuona ni alama ya nani. Mwenye bati aliona haya akatazama viatu vyake. Kesho yake utamkuta juu ya ngazi na kipande cha lami, hata kabla ya kunywa chai. Nimeishi sehemu nyingine za Nairobi tangu wakati huo, zenye majengo ya mawe na kamati za watu waliosoma, na sijaona njia nyingine ya kumfanya mtu mzima akarabati kitu kwa haraka namna hiyo.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaanza kusuka nywele hapohapo mlangoni pa ukumbi, kwenye benchi alilotengeneza baba, chini ya bati la msumeno. Kwa hiyo yote yaliyotokea niliyaona, na mengine niliyaona nikiwa nimeshika kichwa cha mtu.

Ukaja uchaguzi. Kila mtu anajua yaliyofuata, na sitaki kuyasimulia yote hapa. Wateja wangu walikuwa wa kila kabila, na walikuwa wameketi kwenye benchi moja wakingoja zamu, wakitaniana kuhusu nani atashinda. Matokeo yalipotangazwa benchi likawa tupu. Moshi ulikuwa upande wa Gatwekera, kisha upande wetu, kisha huwezi kujua upande. Nilikuwa ninaogopa hadi nikisikia sufuria ikianguka ninachuchumaa.

Landlodi aliondoka asubuhi ya siku ya tatu, yeye na mkewe, wamevaa kana kwamba wanaenda kanisani. Mama alimfunga mke wa landlodi leso yake ya bluu kichwani. Landlodi alimwambia baba, "Fundi, nakwenda siku mbili tatu niwaone ndugu zangu."

Baba akamwambia, "Ndugu zako hata huwapendi."

"Ndiyo maana ni siku mbili tatu."

Baba akawasindikiza hadi barabarani, akarudi, akaketi mbele ya ule ubao wa drafti mchezo ukiwa nusu. Vifuniko hakuvigusa. Alisema landlodi alikuwa anakaribia kushindwa na hangekubali kuacha mambo hapo.

Sisi Wakamba tulikuwa katikati, kati ya Wakikuyu na Waluo, na katikati pana joto lake. Vijana walimsimamisha baba njiani wakamuuliza, "Niaje fundi, uko upande gani?" Akawaambia yuko upande wa ukumbi. Wakacheka wakampisha, maana nusu yao walizaliwa kwenye vitanda alivyotengeneza yeye. Lakini alipofika nyumbani alifunga komeo kabla ya kuomba maji.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa omena. Nyumba yake ya Kisumu Ndogo ilikuwa imeungua na alikuwa anajenga upya kwa vipande vya huku na kule. Alisimama mlangoni pa ukumbi, akanisalimia, akauliza habari za mama, akaona haya kidogo, kisha akasema, "Fundi, nimekuja na ile shida ya bati langu."

"Ngoja mambo yatulie," baba akamwambia.

"Mimi nitangoja. Watoto nao wangoje mvua?"

"Lakini sheria inasema ukihama."

"Nimehama. Nilikuwa nina nyumba, nimehamia nje."

Mama yule akamsomea sheria neno kwa neno, kama alivyoisikia miaka hiyo yote, mara ya kwanza kwa baba na mara ya pili kwa landlodi. Basi baba akaleta ngazi. Hakutaka mtu mwingine apande, asije akalikunja bati au akalitoboa zaidi. Aling'oa misumari taratibu, akainyoosha juu ya jiwe, akamfungia kwenye karatasi aondoke nayo. Samaki akatoka mlangoni akiwa anatabasamu vilevile, na kwenye paa pakabaki mstatili wa mbingu.

Kesho yake alikuja bawabu wa tochi. Familia yake ilikuwa imepanda basi kwenda Butere na yeye alikuwa anawafuata. Kisha wakaja watu waliotumwa na wale waliokimbilia Kawangware na Dagoretti. Wengine walikuja na barua, eti baba asije akafikiri wanaiba. Mmoja aliyeshindwa kupata karatasi alikuja na alama yake imechorwa kiganjani kwa kalamu. Katika wiki ya pili kulikuwa na foleni. Sijawahi kuona watu wakibomoa kitu kwa adabu kama ile. Walipishana mlangoni, walisaidiana kubeba, walimwuliza baba kama amekula.

Kanisa liliendelea kwa muda. Mhubiri alisogeza mimbari kila Jumapili kufuata sehemu iliyobaki na paa, na waumini wakamfuata na mabenchi, hadi Jumapili moja tukawa wote tumebanana jukwaani chini ya mbuzi sita, yeye anahubiri kuhusu nafasi nyingi mbinguni na kiwiko cha mtu kiko mbavuni mwangu.

Bati lake mwenyewe baba alimpa mama mmoja wa Gatwekera ambaye hakuwahi kuchangia hata msumari. Alikuja analia kwamba anajuta. Baba alimwambia majuto hayazuii mvua, akapanda, akang'oa msumeno wake. Tangu siku hiyo nilisuka kwenye jua.

Lakini yale sita ya landlodi hakuyagusa, wala hakumruhusu mtu kuyatazama kwa muda mrefu. Alikuwa amejitengenezea imani yake. Kwamba maadamu bati la mtu liko juu, mtu huyo bado ni wa Kambi Muru, amesafiri tu. Akituma kulichukua, basi amekwenda. Kila asubuhi baba aliingia ndani ya lile gofu, akainua macho, akahesabu mbuzi. Kisha alitoka akasema, "Bado wapo," na ndipo alipokubali chai. Nilimcheka, mama alimcheka. Lakini kila sauti ya mkokoteni ikisikika, nilimwona anavyogeuka kuona kama imesimama kwetu. Rafiki yake alikuwa mmoja tu, na hakuwa na umri wa kutafuta mwingine wa kubishana naye kwa miaka mingine ishirini.

Kuna jambo moja ambalo ningeweza kuliruka, na baba angependa niliruke. Siku moja kwenye kibanda cha chai, watu walikuwa wanautazama ukumbi wenye nguzo na kipande cha paa, na mmoja akasema, "Fundi, si ile sheria ilikuwa yako? Umetumalizia holi." Hakusema kwa ubaya. Wengine wakacheka. Nilimwona baba akiweka kikombe chini.

"Nani kawaambia ni yangu?" akasema. "Ulizeni landlodi. Miaka hii yote hamkumsikia akisema ni yake?"

Nilikuwa ninachana nywele za mteja hatua tatu kutoka pale, na mkono ukasimama. Baba hakunitazama. Mchana huo hakula, na jioni alimwambia mama tumbo linamsumbua. Mama, ambaye alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa watu wanne, alimwambia tumbo lake lina mdomo mkubwa.

Kisha wale wakubwa wawili waliogombania urais wakashikana mikono mbele ya kamera, barabara zikafunguka, na habari zikaanza kutembea tena. Habari moja ikatufikia kwamba landlodi anajenga chumba nyuma ya vyumba vya ndugu zake, Kawangware. Kuta zimesimama, paa bado. Mimi nilielewa. Mama alielewa. Baba akasema, "Atakuwa anajenga cha kupangisha."

Mvua za Machi zilikuwa karibu, na upepo ulikuwa umeanza kuyainua yale mabati sita, yakipiga kelele mchana kutwa. Watu walikuwa wanayapimia kwa macho. Asubuhi moja baba akaleta mkokoteni, akapanda, akayashusha yote, akaniambia, "Mama, vaa viatu. Tunampelekea mwenyewe."

Nikashangaa. "Si ulisema akiyachukua ndiyo ameenda?"

"Sikusema atayachukua. Nimesema nampelekea." Akavuta kamba. "Akiyaona ataona aibu. Atasema, fundi, rudisha mabati yangu, naja Jumamosi. Namjua mtu huyu."

Mama alikuwa anapepeta maharagwe. "Na akiyachukua?"

"Hawezi."

Basi tukatoka, yeye anavuta, mimi ninasukuma. Mabati kwenye mkokoteni hayajui siri. Yalipiga kelele barabara yote ya Ngong, na watu walitutazama kwa jicho la kutuweka kwenye kundi fulani, maana miezi ile mtu anayetoka Kibera na mabati juu ya mkokoteni alikuwa na maelezo ya kutoa. Karibu na Dagoretti Corner askari akatusimamisha.

"Mabati ya nani?"

Baba akageuza moja akamwonyesha alama. "Ya huyu mwenye mbuzi. Tunampelekea Kawangware."

Askari akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Mzee, hii ni birika."

"Ni mbuzi, afande. Ukimjua mwenyewe unamwona."

Askari akaniangalia mimi, nami nikaapa kwamba ni mbuzi, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Akatuachia. Nafikiri aliona kwamba wezi wangekuwa na hadithi nzuri zaidi.

Tulifika Kawangware saa nne hivi. Tukaelekezwa na mtu, kisha na mwingine, tukaingia kwenye uchochoro, na kabla sijamwona landlodi nikaisikia sauti yake. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha kiosk na wanaume watano sita, wawili wao niliwajua, walikuwa majirani zetu wa Kambi Muru. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa lilelile lakini sasa lilikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Hakutuona, maana alikuwa kwenye historia ya ukumbi, na landlodi akiwa kwenye historia ya ukumbi hata nyumba ikiungua haoni.

"Ile sheria ilikuwa yangu," alikuwa anasema. "Mimi ndiye niliyeitoa. Fundi aliikataa kabisa. Aliniambia, landlodi, siku moja sheria hii itatuvunjia ukumbi. Mimi nikakaa ngumu."

Mmoja wa wale wa Kambi Muru akasema, "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Msimlaumu fundi. Mkitaka kulaumu mtu, mimi hapa."

Niligeuka nikamtazama baba. Alikuwa ameshika mikono ya mkokoteni, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hadi leo sijui kama landlodi alikuwa anamkinga rafiki yake au alikuwa anajisifu tu, maana alikuwa mtu wa kujipiga kifua hata kwa lawama. Huenda yeye mwenyewe hakujua. Lakini baba aliachia mkokoteni, mabati yakapiga kishindo, wote wakageuka.

"Mwongo huyu," baba akasema. "Sheria ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yangu," baba akasema tena, na sauti haikuwa ile ya mikutano. "Na kule nyumbani watu waliponiuliza, nimewaambia ni yako. Mbele ya binti yangu. Nimekutupia wewe ukiwa haupo."

Mwenye kiosk aliacha kumimina chai. Landlodi alisimama taratibu, akashika koti lake kwa mbele.

"Fundi," akasema, "miaka ishirini umekataa kunipa hii sheria. Umenipa sasa, na bado umekuja Kawangware kuninyang'anya?"

Wakaanza. Landlodi anasema ni yake, ana mashahidi. Baba anasema mashahidi gani, panya? Wale wanaume walicheka hadi mmoja akamwaga chai, na baba na landlodi wakawa wameshikana mabega, wanasukumana, na macho ya wote wawili yamejaa maji. Nami nililia. Nilijifanya ninafunga kamba ya kiatu, nikalia nikiwa nimeinama.

Chai ikaletwa. Mkewe landlodi akatoka na ile leso ya bluu kichwani, akanikumbatia, akauliza habari za mama, akatuonyesha chumba. Kuta za matope zilikuwa nzuri, zimesawazishwa. Ndani kulikuwa na kitanda kimefunikwa nailoni, na juu yake hakukuwa na kitu, mbingu tu. Alisema wamekisogeza kila kona na hakuna kona kavu. Landlodi akatoka, akazunguka mkokoteni, akapitisha kiganja juu ya bati la kwanza.

Baba alisimama karibu yake. Nilimwona amekwisha kuyaandaa maneno mdomoni, "basi nitayarudisha," yakisubiri tu kualikwa.

"Hukuyatoboa," landlodi akasema.

"Niliyang'oa polepole."

"Yako sawa kabisa." Akayainua mawili ya juu kwa pembe, akayaachia. Akamgeukia mkewe, na alipozungumza hakumtazama baba. "Mama watoto, paa limefika."

Baba akaitikia, "Eeh." Ni hilo tu. Akavua koti, akanipa nishike, akauliza ngazi iko wapi. Ndugu mmoja wa landlodi akasema kuna fundi wa hapohapo Kawangware atakayekuja kesho. Baba akamwuliza huyo fundi wa Kawangware anajua nini kuhusu mabati haya, na ndugu yule akaondoka kwenda kuleta ngazi.

Walipandisha mabati pamoja, mbuzi wakitazama chini kitandani. Landlodi alishika ngazi kwa mikono yote miwili. Mimi nilisimama upande wa pili na kopo la misumari. Baba aliliweka la kwanza sawasawa, akaliegemeza kwa goti, akatulia na nyundo mkononi. Mafundi wote wa mitaa yetu wanajua swali hili, maana mpangaji wa miezi miwili hahitaji misumari ya mtu wa miaka kumi. Ukimpigilia mingi atakulaani siku ya kuhama.

"Landlodi," akasema, akitazama bati. "Nipige ya muda ama ya kukaa?"

Nilisikia mahali fulani redio ya mtu, na mkewe ndani akikunja ile nailoni. Baba alingoja. Hakurudia swali wala hakuangalia chini.

"Ya kukaa, fundi," landlodi akasema.

Baba akashusha mkono wake wazi kwangu. Nikamwekea misumari kiganjani, minne, kama tulivyozoea. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mama," akasema, "ongeza."